Uzi: Gita linasikika ufukwe mzima ila kwa anayelipiga. Kosa la nani?

#1 NyuziSita
Asalam alaykum. Bendi yetu watu watano, tunazunguka hoteli za upande wa Paje, Jambiani na Bwejuu, na mjini tukibahatika. Miye napiga gita la solo. Amplifaya yangu ya transista, wati 120, spika mbili za inchi 12, naiweka chini nyuma yangu kama wanavyofanya wote.

Kesi ni moja kila tukipanda. Sijisikii, naongeza. Meza za mbele wanakunja nyuso. Mwimbaji ananitolea macho. Mwisho anakuja kijana wa mapokezi kusema meneja anaomba mpunguze. Nikimuuliza mtu wa mitambo ananambia gita hata hajalifungua kwenye mixa, kelele yote ile inatoka kwenye ampu yangu! Sasa vipi liwatoe watu kwenye meza, na miye niliyelishika mkononi silisikii?

Rai yangu: ni monita, zile spika za jukwaani za kumsikilizisha mpigaji mwenyewe. Zipo mbili na zote kapewa mwimbaji. Gita lipewe ya kwake mambo yaishe. Anayepinga alete hoja, asilete matusi.

#2 Mtalii_wa_Ndani
Mkeka nimeshautandika, kahawa iko jikoni. Mafundi piganeni.

#3 Mtu_wa_Mitambo
Wa alaykum salaam. Napinga, na matusi nitajizuia.

Hukukosa monita, umekosa pembe. Spika ya inchi 12 sauti nene inaimwaga kila upande, lakini kuanzia karibu kilohezi 1 kwenda juu inaanza kuikusanya mbele yake kama mwanga wa tochi, na kila sauti ikipanda ndio mwanga unazidi kubana. Ile sehemu ya gita inayochoma, kilohezi 2 mpaka 4, imo humo. Wewe umesimama mita moja mbele ya ampu, masikio yako yako juu, nje kabisa ya mwanga. Unaitumbuiza miguu yako. Mgeni aliyekaa mita nane mbele, kichwa chake kiko usawa wa spika, anapata yote. Wewe unasikia mvumo tu, unaona gita halina makali, unaongeza trebo, na yeye ndio anazidi kuumia.

Dawa haina gharama. Iinamishe ampu kwa nyuma iangalie uso wako, au ipandishe juu ya makreti ya soda. Usiku huo huo utapunguza mwenyewe bila ya kuletewa salamu na meneja.

#4 Ngambo_Besi
Mtu_wa_Mitambo kasema kweli nusu. Nusu ya pili ni mpiga drams. Majukwaa ya hoteli ni mita tatu kwa nne, drams hazina kitufe cha kupunguzia, na anayezipiga anapiga kwa nguvu za uwanja wa Amaan. Kila mtu anapanda kumfikia yeye: besi inapanda, gita linapanda, kinanda kinapanda, mwimbaji anaomba monita, halafu mpiga drams naye hatusikii, anakaza mkono. Ikifika saa nne usiku hapana muziki tena, ni ugomvi. Anzeni kwa huyo kabla hamjagusa ampu ya mtu.

#5 Ngoma_Nzito
Nilijua tu. Kila uzi wa sauti humu unaishia mlangoni kwangu. Nikipiga taratibu mnasema ngoma haina uhai, nikikaza mnashika masikio. Kwenye mikahawa midogo miye natumia vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja badala ya magongo, sauti inashuka sana, na bado mpiga gita wetu yuko pale pale alipo. Hoja ya #4 haijasimama.

#6 Mwimbaji_Bububu
Naomba nisikilizwe na miye, maana naona NyuziSita kaja kunipokonya monita hadharani.

Kwangu inakwenda hivi: gita likipanda namwomba fundi aniongezee sauti yangu kwenye monita. Akiongeza, maiki inaidaka ile monita, inapiga mluzi. Anashusha. Sijisikii, naimba kwa kukemea, asubuhi koo limefunga. Lakini kuna siku gita liko chini na mluzi upo vile vile. Kaka Mtu_wa_Mitambo, hilo nalo ni pembe?

#7 Mtu_wa_Mitambo
Hilo nalo ni pembe, dada, ila ya maiki. Maiki nyingi za waimbaji, Shure SM58 kwa mfano, ni za aina ya kadioidi: uziwi wake uko nyuma kabisa, pale unapotokea waya. Monita inakaa mbele yako ikiutazama huo mkia. Lakini baadhi ya kumbi wana superkadioidi, mfano Beta 58A. Hiyo nyuma kabisa inasikia kidogo, uziwi wake uko nyuma kwa pembeni, kiasi cha digrii 120 hivi kutoka mbele. Ukiiwekea monita katikati umeipeleka penye sikio. Iende kulia au kushoto, au ziwe mbili, moja kila upande. Fundi asiyeangalia ana maiki gani atakatakata ekwalaiza mpaka sauti yako iwe ya ndani ya debe, na mluzi asiumalize.

Suala jengine: unaishika wapi?

#8 Mwimbaji_Bububu
Shingoni. Anayeishika kichwani ni kijana wetu wa kufoka.

#9 Mtu_wa_Mitambo
Basi mchawi wenu mumemuajiri. Ukifumbata kile kichwa cha waya unaziba matundu ya nyuma, na hayo ndiyo yanayoipa maiki upande wa kutosikia. Ikizibwa inasikia pande zote, monita ikiwemo.

Halafu zihesabuni maiki zilizo wazi. Kila mkizidisha mara mbili, moja kwenda mbili, mbili kwenda nne, mnapoteza karibu desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Bendi nyingi nnazozifungia mitambo zina waitikiaji watatu wanaoimba kiitikio tu, na maiki zao ziko wazi tangu Isha mpaka watu wanaondoka.

#10 Mbara_Kisiwani
Habari wakuu. Mimi ni wa Dar, niko huku kikazi. Naona mnazunguka mbuyu. Wati 120 kwenye mkahawa za nini? Auze, achukue ya wati 60, kelele inashuka nusu, kesi imefungwa.

#11 Fundi_Waya
Karibu kisiwani, ila hesabu hiyo irudishe na boti. Kukata wati nusu ni kushuka desibeli 3, sikio linaona badiliko dogo tu. Ili mtu aseme kelele imekuwa nusu unahitaji kushuka kama desibeli 10, yaani wati 12 badala ya 120. Na hapo ni kwa spika ile ile. Ukibadilisha ukaweka spika iliyo na ufanisi zaidi kwa desibeli 3, zile wati 60 ulizozikata zote zimerudi. Ndiyo maana Vox AC30, wati 30 tu za vali, zile taa za kioo za kizamani, ikifunguliwa inamfukuza mtu jukwaani.

#12 Mbara_Kisiwani
Nimeelewa mkuu. Boti ya mwisho saa ngapi?

#13 Mzee_Fidla
Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, nikacheka peke yangu.

Mji huu una vikundi vya muziki vya tangu 1905, Nadi Ikhwan Safaa. Culture Musical Club wako tangu 1958. Siti binti Saad kaenda Bombay kurikodi mwaka 1928. Hapakuwa na monita hata ya dawa. Miye mpaka leo nikikaa kwenye taarab sijamuona mpiga kanuni akigombana na mpiga udi kuwa hasikiki. Tunakaa karibu karibu, nusu duara, macho yanaonana. Na kila chombo kina zamu: fidla zikipokea, kanuni inapisha, nai ikiingia, sote tunalegeza.

Nyinyi gita linakwaruza wimbo mzima, kinanda kinajaza wimbo mzima, tena vyote viwili pale pale kwenye sauti za kati. Halafu mnaulizana nani hasikiki. Mnachohitaji si monita. Mnahitaji kunyamaza.

#14 Dogo_Zenji
Shikamoo mzee. Ila nusu duara lenu halikuwa na drams.

#15 Mzee_Fidla
Marahaba. Kakae ubavuni pa besi la sanduku na ngoma za vidumbak kwenye harusi ya shamba, vijiti vya mkwasa vinalia hapo hapo, halafu njoo unambie ni kimya.

#16 Ngoma_Nzito
Mzee kanitetea. Uzi unaweza kufungwa sasa.

#17 NyuziSita
Haufungwi. Mzee, la kinanda nalichukua, maana mpiga kinanda wetu mkono wa kushoto hajui kuutia mfukoni. Lakini wimbo wa solo je? Hapo wote wamenipisha, napiga peke yangu juu ya ngoma na besi, na bado sijisikii.

Mtu_wa_Mitambo, makreti nitayajaribu Ijumaa.

#18 Ngambo_Besi
Vitufe vyako umeviweka vipi? Sema kweli.

#19 NyuziSita
Besi nane, kati mbili, trebo nane. Chumbani inatoa sauti tamu kweli.

#20 Ngambo_Besi
Chumbani hupigi na miye. Ule waya mnene kabisa wa gita lako uko hezi 82, humo nimeshakaa na kiki, ile ngoma ya mguu ya drams. Juu kabisa wamekaa masahani ya drams. Gita linasikika kwa mlango mmoja, sauti za kati, kiasi cha hezi 400 mpaka kilohezi 2, na wewe mlango umeufunga kwa ufunguo. Weka kati sita au saba, besi nne. Chumbani itakuchefua. Jukwaani utajisikia hata ukishusha volyumu. Kreti litakuja kukusaidia baadaye.

#21 Mtu_wa_Mitambo
Hapa nakubaliana na besi, ingawa yeye mwenyewe ampu yake inanitikisia glasi za baa.

#22 Dogo_Zenji
Wazee wangu, mnahangaika na makreti wakati dunia imeshahama. Kila mtu monita za masikioni, gita linapita kwenye mashine ya kuiga ampu, Helix au Kemper, waya moja kwa moja mpaka mixa. Jukwaani hakuna spika hata moja. Mixa ya dijitali, X32 iko tangu 2012 si kitu kipya, kila mwanamuziki anajipangia mchanganyiko wake kwa simu yake. Anataka gita zaidi, anajiongezea. Mluzi hakuna. Meneja analala.

#23 Mwimbaji_Bububu
Miye nataka hizo. Koo langu linazitaka leo.

#24 Mtu_wa_Mitambo
Ni njia nzuri kwa mwenye mfuko. Tatizo la mwanzo, masikio yakizibwa husikii ukumbi. Mgeni akipiga makofi au akiitikia, kwako ni kimya, mpaka tuweke maiki mbili za kuwasikilizisha watu wa bendi huo ukumbi. La pili, kwenye jukwaa dogo meza za mbele hazipati gita kutoka jukwaani tena, zinategemea spika kubwa tu, na hizo zimewekwa pembeni. Nimeona mahali mgeni wa meza ya kati anasikia masahani na sauti ya mwimbaji, gita linampita juu. La tatu, mchanganyiko ukiharibika ghafla, mluzi au mshindo uko ndani ya sikio lako. Lazima kiwepo kidhibiti cha kuuzuia.

#25 Ngambo_Besi
La nne, simu ikiishiwa chaji katikati ya onesho unamwomba mgeni chaja.

#26 Dogo_Zenji
Umeme wenyewe ukikatika ampu yako itapiga kwa nini, kaka, mafuta ya taa?

#27 Mpemba_Halisi
Mmetaja umeme, nimeamka. Salamu kutoka Wete.

Nnavyoona nyote mmeacha la msingi. Gita la NyuziSita lina pikapu, vile vidaka sauti vya chini ya nyuzi, za koili moja, au? Huku kwetu kuna ukumbi nikichomeka tu linavuma "uuuu", nikigeuka upande linanyamaza, nikirudi linavuma. Ukiongeza gita unaongeza na mvumo, sauti yenyewe inazama. Huenda ndiyo inayomfanya asijisikie. Na volti zikishuka usiku ampu inalegea. Huku umeme unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, una nafuu kuliko enzi za majenereta ya Wesha, lakini mwisho wa laini hali ni ile ile.

#28 Mtalii_wa_Ndani
Mpemba kaja na ukumbi wake. Duka umefunga lakini?

#29 Mpemba_Halisi
Duka lina mtoto. Endelea na kahawa yako.

#30 Mbara_Kisiwani
Kwa umeme nyie Unguja mna historia. Si ndio 2008 kisiwa kilikaa giza miezi mitatu?

#31 Fundi_Waya
2008 ilikuwa kama mwezi, Mei mpaka Juni. Miezi mitatu ni ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Na tamasha la Sauti za Busara la Februari 2010 lilipigwa Ngome Kongwe kama kawaida, kisiwa kikiwa hakina umeme wa waya.

Mpemba, mvumo unaobadilika ukigeuka ni wa pikapu: inadaka uga wa sumaku wa umeme wa hezi 50 kutoka kwenye transfoma, taa za kupunguza mwanga, hata friji ya baa. Pikapu za koili mbili zinaufuta sehemu kubwa. Usiobadilika ukigeuka mara nyingi ni mzunguko wa ardhi: ampu imechomekwa soketi ya baa, mixa soketi ya jikoni, na waya wa sauti umeziunganisha mbili hizo. Chomekeni vyote sehemu moja. Ukitoa gita kwa boksi la DI, lile la kulipeleka gita kwenye mixa, lina kitufe cha kukata ardhi ya waya wa sauti, bonyeza hicho.

Na sasa nnasema kwa herufi kubwa: MSIKATE MGUU WA ARDHI WA PLAGI YA AMPU. Najua mnaukata. Naletewa dukani plagi za miguu miwili na mtu anajisifu "fundi, mvumo nimeuua". Mvumo umeuua, na wewe uko kwenye foleni.

#32 Mwimbaji_Bububu
Subiri. Midomo yangu kuna hoteli ikigusa maiki inawasha. Nimezoea, nikadhani ni unyevu wa bahari.

#33 NyuziSita
Hata miye. Nikiimba kiitikio nimeshika nyuzi, kunapita kitu mdomoni. Si kikubwa.

#34 Fundi_Waya
Hicho "si kikubwa" ndicho kinachonitisha. Mkono mmoja kwenye nyuzi, mdomo kwenye maiki: kama ampu haina ardhi na ina uvujaji, wewe ndiye waya unaoiunganisha na mixa. Umeme unapita kifuani. Leslie Harvey, mpiga gita wa Stone the Crows, alifia hivyo jukwaani Swansea mwaka 1972, kwa maiki isiyokuwa na ardhi. Na hao walikuwa ndani ya ukumbi. Nyinyi mnasimama kwenye mchanga wa maji, wengine pekupeku ili mgeni apige picha.

Kabla ya kupanda, pima kwa mita ya volti baina ya nyuzi za gita na kichwa cha maiki. Ukiona volti za maana, usiimbe mpaka ijulikane zinatoka wapi. Nunueni kile kikata umeme kinachoanguka kwa uvujaji wa miliampia 30, kikae kwenye waya wenu wa kurefushia, muende nacho kila hoteli. Na jenereta la ufukweni lizikiwe nondo ya ardhi kama mtengenezaji anavyoelekeza, lisikae juu ya mbao likasahauliwa.

#35 Mwimbaji_Bububu
Ahsante. Ijumaa hii siimbi bila ya mita.

#36 Mtalii_wa_Ndani
Nimeacha kahawa.

#37 Mzee_Fidla
Fidla yangu haina plagi.

#38 Kijana_wa_Jambiani
Naingia kidogo, miye si mwanamuziki, napanga viti na meza kwenye mkahawa wa ufukweni. Hamjataja upepo. Kwetu jukwaa limepewa mgongo hoteli, bendi inatazama bahari. Kaskazi meza za mchangani wanasikia vizuri. Ukiingia kusi, bendi ile ile, ampu ile ile, meza za mchangani wanasema hawasikii na za ndani zilizo ubavuni pa jukwaa wanasema kelele. Na mpiga gita ndio miezi ya kuongeza.

#39 Mtu_wa_Mitambo
Si mwanamuziki lakini kanishinda. Ni kweli. Kusi linatoka baharini, bendi inapiga kinyume chake, na upepo ulio juu una kasi kuliko wa chini karibu na mchanga. Sauti inayokwenda kinyume na upepo wa namna hiyo inapinda kuelekea juu, inawapita watu vichwani. Ongezea kuwa nje hakuna kuta za kurudisha: kila umbali ukizidi mara mbili sauti moja inapoteza desibeli 6. Hilo linakuhusu na wewe NyuziSita. Ndani ya ukumbi unajisikia kwa ukuta wa nyuma. Ufukweni chini ya makuti hakuna kinachokurudia.

#40 Mbara_Kisiwani
Kwa hiyo ndani ndiko afadhali? Mimi nilisimama Ngome Kongwe nikasikia gita mara mbili mbili.

#41 Mtu_wa_Mitambo
Ndani ya mawe ni balaa jengine. Kuta zile nene za ngome zinarudisha sauti. Sauti inachukua karibu milisekunde 3 kwa mita. Ukuta ukiwa mita ishirini kutoka kwako, kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 110, gita linarudi limechelewa na mpigaji anaanza kulifuata. Wanaopiga pale vizuri ni wale wanaoweka ampu ndogo ubavuni, mixa ikafanya kazi ya kuwapelekea watu. Ampu kubwa pale inapiga ukuta kabla haijampiga mtu.

#42 Dogo_Zenji
Masikioni, masikioni, masikioni. Nimemaliza.

#43 NyuziSita
Natoa ripoti ya Ijumaa, Paje.

Ampu juu ya makreti mawili, imeinama nyuma kidogo. Kati saba, besi nne. Wallahi nimejisikia mpaka nikaogopa, nimeshusha volyumu chini ya nusu. Mwimbaji kasema monita yake imetulia. Fundi_Waya, mita ilionesha volti 90 na kitu baina ya nyuzi na maiki. Tulihamisha plagi ya ampu kwenye waya mmoja na mixa, zikaondoka. Sijui soketi ya mwanzo ina nini, nimemwambia meneja aite fundi wa umeme.

Lakini: meza ya kati, ile iliyo mbele yangu sawasawa, wamehama. Na mpiga drams kasema yeye sasa halisikii gita kabisa.

#44 Ngoma_Nzito
Mpeni pole mwenzangu. Hayo makreti yamemruka kichwani.

#45 Mtu_wa_Mitambo
Meza ya kati wamekaa kwenye ule mwanga, umeuinua ukawapata usoni. Usiielekeze mbele. Iweke pembeni mwa jukwaa, iangalie upande wa pili, ipite mbele yako na mbele ya drams. Wewe utasikia, ngoma itasikia, meza hazitachomwa, na miye mwishowe nitalifungua gita kwenye mixa, niwagawie watu wote sawa. Maiki ya SM57 mbele ya spika, nje kidogo ya katikati ya koni, inatosha.

#46 Ngambo_Besi
Hapana. Ikikatiza jukwaa inaingia kwenye maiki ya mwimbaji, na mwimbaji wao kasimama katikati. Ampu ibaki nyuma, meza ndiyo isogee. Au wati zishuke.

#47 Fundi_Waya
Volti 90 hizo huenda zimetoka kwenye soketi isiyo na ardhi, zile kapasita za kichujio cha umeme huipandisha bodi ya chombo mpaka karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake mara nyingi mdogo, ndio muwasho huo. Lakini mita haikwambii kama ni huo mdogo au ni uvujaji wa kweli. Vizuri hamkuimba juu yake.

#48 Mzee_Fidla
Mpiga kinanda mlimwambia?

#49 NyuziSita
Mzee, huyo ndiye mwenye gari ya kubebea vyombo. Tunakwenda naye taratibu.

#50 Mwimbaji_Bububu
Ila kaka Nyuzi, na hili lisemwe: masikio yako. Umepiga miaka mingi mbele ya sahani za kushoto za drams. Nnapokuuliza kitu kutoka upande ule huniitiki. Pengine gita linasikika, usiyesikia ni wewe.

#51 Mtu_wa_Mitambo
Nilikuwa nalikwepa hilo. Kipimo kinachotumika sana kwa kazi za kelele ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikizidi muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Jukwaa lenye drams na ampu zilizofunguliwa linafika hapo bila ya shida, na nyinyi mnapiga saa tatu. Kinachotangulia kuondoka ni zile sauti za kilohezi 3 mpaka 6, ambamo makali ya gita yako yanaishia. Vizibo vya masikio vya wanamuziki vipo. Na hospitali ya Mnazi Mmoja nenda kapime.

#52 NyuziSita
Nasikia vizuri tu. Jikoni mama akifungua mfuniko wa biriani nipo uani nasikia.

#53 Mtalii_wa_Ndani
Hiyo ni pua.

#54 Mpemba_Halisi
Mkimaliza masikio, nisaidieni miye. Jeki ya gita langu inakatakata, nikiitikisa inarudi. Nyuzi zenyewe zinaota kutu kabla ya wiki mbili. Nikipaka mafuta ya cherehani vipi?

#55 Fundi_Waya
Usipake mafuta ya cherehani, yanashika vumbi. Ni chumvi ya hewa, shaba inaota ule ukijani. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, ingiza na kutoa plagi mara kadhaa, halafu ubane ule ulimi wa jeki kidogo uikamate plagi. Nyuzi zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Gita lilale ndani ya mfuko wake, si ukutani kwa dirisha la bahari.

Ramadhani hoteli nyingi zinapunguza muziki, leteni vyombo mwezi huo nifungue vyote kwa utulivu. Sharti moja: mwenye ampu ya vali asiifungue mwenyewe nyumbani akaja nayo wazi. Kapasita zinabaki na volti zaidi ya 400 hata plagi ikiwa imetoka.

#56 Dogo_Zenji
Na ya wati 120 ya NyuziSita ije? Kama anaiuza niko hapa.

#57 NyuziSita
Siuzi. Nnachotafuta ni makreti mawili mengine, haya ya Paje hoteli wameyadai.